Nyimbo tatu kwa WhatsApp, usaili Jumamosi: kutunga besi kwa sikio

Simu za aina hii huja jioni. "Kaka, mpiga besi wetu ameondoka. Njoo Jumamosi saa nane mazoezini, nakurushia nyimbo tatu sasa hivi." Dakika tano baadaye WhatsApp inalia: faili tatu za sauti, hakuna karatasi, hakuna kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) zilizoandikwa, hata kii, ile sauti ambayo wimbo umejengwa juu yake, haijatajwa. Ni Jumanne. Una siku tatu na nusu.

Ndivyo bendi nyingi za Dar es Salaam zinavyochukua watu, iwe bendi ya dansi Kinondoni, kundi linalopiga hotelini Masaki, au timu ya kusifu kanisani Mbagala. Usaili wa namna hiyo nimeufanya nikakataliwa, nimeufanya nikachukuliwa, na kwa miaka kadhaa sasa huwa naitwa nikae pembeni kuwasikiliza wanaokuja. Ninachotaka ukishike tangu mwanzo ni kimoja: besi inaanzia kooni. Kile usichoweza kukiimba, vidole vitakibahatisha tu, na kubahatisha kunasikika mpaka nje ya mlango.

Kabla hujagusa gitaa, piga simu

Mrudie aliyekupigia, muulize mambo matatu. Nyinyi mnapiga kwa kii gani? Hili ndilo kubwa, kwa sababu rekodi inaweza kuwa G na mwimbaji wa sasa ameshaishusha mpaka F. Pili, mnafuata rekodi hii hii au mna mpangilio wenu? Tatu, huko kuna amplifaya ya besi? Ukishajibiwa, mwache apumzike.

Sikiliza mikono ikiwa mitupu

Spika ya simu haikufai kwa kazi hii. Uzi mnene wa E ukipigwa bila kubonyezwa unatikisika kama mara 41 kwa sekunde, A mara 55, D kama 73, G 98. Kispika cha simu hakifiki huko chini. Unachokisikia ni sauti za juu zinazozaliwa na nota ile, na sikio lako linamalizia lenyewe. Ndiyo maana ukisikiliza kwa simu tupu unaweza kuapa kwamba wimbo hauna besi kabisa. Tumia spika za masikioni zinazoziba vizuri. Sabufa ya sebuleni nayo ina kasoro yake: inaipa besi mwili, lakini nyingi zinavuma nota zote kwa unene mmoja, hata C na D unashindwa kuzitenganisha. Mimi hutumia sabufa kuujua mdundo, na spika za masikioni kuzijua nota.

Usikilizaji wa kwanza ni wa kuchora ramani. Chukua karatasi, hesabu moja-mbili-tatu-nne, na kila hesabu nne zikikamilika piga kistari. Hicho ni kipimo kimoja. Mwisho wa wimbo utakuwa na kitu kama hiki: utangulizi vipimo 8, ubeti 16, kiitikio 8, ubeti 16, kiitikio 8, kisha chemko. Mbele ya chemko usiandike idadi. Katika muziki wetu wa dansi, wimbo ukishaingia kwenye chemko, magitaa yakapamba moto na wachezaji wakashuka, urefu wake unaamuliwa na ukumbi. Kwenye rekodi unaweza kuisha kwa dakika mbili, jukwaani ukaenda sita. Andika tu "chemko, subiri ishara".

Fanya hivyo kwa nyimbo zote tatu jioni ile ile ya Jumanne. Gitaa liache kwenye begi.

Tafuta nyumbani kwa wimbo

Kila wimbo una nyumbani kwake, sauti ambayo wimbo ukiifikia unatulia. Kama umepitia kwaya, nusu ya kazi unayo tayari, maana ile do, re, mi, fa, so, la, ti uliyofundishwa ukiwa na kitabu mkononi ndiyo nitakayoitumia hapa. Nyumbani ni do. Cheza wimbo mpaka mwisho wa kiitikio, uusimamishe ghafla, kisha uvumishe kwa mdomo uliofungwa ile sauti ambayo moyo unataka kuishukia. Usiimbe maneno. Vumisha tu, mmm, mpaka uisikie kifuani.

Sasa toa gitaa. Ukiwa bado unavumisha, panda kwenye uzi mnene freti (vile vyumba vinavyotenganishwa na vyuma shingoni mwa gitaa) moja baada ya nyingine mpaka gitaa na kifua vikutane. Vikikutana kwenye freti ya 3, uko G. Freti ya 5 ni A. Freti ya 8 ni C.

Kuna jambo linalowachanganya wengi hapa. Nyimbo nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilirekodiwa Radio Tanzania kwenye tepu, na tepu hizo zimepita mikononi mwa watu na mashine nyingi kabla ya kufika kwenye simu yako. Mashine ikizunguka haraka kidogo, wimbo unapanda, ikichelewa, unashuka. Kwa hiyo ukikuta do iko katikati ya freti mbili, sikio lako halina kosa. Legeza au kaza nyuzi zako kidogo ziende na rekodi, jifunze hivyo, na usiku ukimaliza zirudishe sawa kwa tyuna, kile kifaa cha kulinganishia nyuzi. Usiende usaili na gitaa lililotyuniwa kwa ajili ya tepu.

Imba besi, tena kwa sauti

Hapa ndipo nitakaa kirefu, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanaruka.

Alikuja kijana mmoja kutoka Gongo la Mboto kwenye usaili tuliofanya Sinza. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, video za mafunzo alikuwa ameangalia nyingi. Wimbo wa kwanza ulipofika kwenye kiitikio, akapotea. Wakaanza upya, akapotea pale pale. Kiongozi wa bendi, mzee anayepiga solo, akamwambia, "Mwanangu, ondoa mikono kwenye gitaa. Niimbie besi ya hapo." Kijana akaimba, lakini alichoimba kilikuwa sauti ya mwimbaji. Mzee akaniomba nitoke naye nje.

Tulikaa chini ya mwarobaini, spika moja ya sikioni kwake, nyingine kwangu. Nikamwambia aachane na mwimbaji, aachane na magitaa, atafute ile sauti moja ya chini inayosukuma kifua. Mara mbili za kwanza hakuipata. Mara ya tatu akaanza kuvumisha: "Do… do…" Nikamuuliza, "Halafu?" Akasema, "Inapanda." "Inapanda ngapi?" Akanyamaza, akajibu kwa kupanda ngazi kwa sauti ndogo, "do, re, mi, fa… fa!" Macho yake yakafunguka. Tukaendelea hivyo, kipimo kwa kipimo, kwa dakika kama kumi na tano, gitaa likiwa limelala ukutani. Tuliporudi ndani hakutafuta kitu. Mkono ulikwenda fa kwa sababu koo lilishakwenda huko.

Basi nawe fanya hivyo hivyo. Chukua vipimo vinne tu, virudie, vumisha nota ya chini ya kila kipimo. Ikikushinda kwa kuwa iko chini mno kwa sauti yako, iimbe oktavu moja juu, maana nota ni ile ile. Wimbo ukiwa wa haraka, YouTube na VLC zote zinaweza kupunguza mwendo mpaka 0.75 au 0.5 bila kushusha kii ya wimbo. Mimi siendi chini ya 0.75 labda nimekwama kabisa, maana polepole sana mdundo unakufa na unabaki na nota tupu.

Ukishapata do, nota nyingi utazikuta fa na so, na la kwa mbali kidogo. Kwa kii ya G ziko karibu karibu: do ni uzi wa E freti ya 3, fa ni uzi wa A freti ya 3, so ni uzi wa A freti ya 5, la ni uzi wa A freti ya 7. Mkono hauhami sana.

Kosa linalojirudia ni kuchanganya do na la. Kwa kii ya G, do ni G na la ni E. Kodi ya G na kodi ya E maina (ile yenye huzuni kidogo) zina nota mbili za pamoja, G na B, hivyo ukipiga G mahali magitaa yanapiga E maina, haitasikika kama kosa la wazi. Itasikika tu kama wimbo umepoa. Ukihisi ubaridi huo, shuka kutoka do mpaka la ya chini yake, jaribu tena. Mahali wimbo unapohuzunika kidogo katikati ya ubeti, mara nyingi la ndiyo inayotafutwa.

Sikiliza pia ni wakati gani nota inabadilika. Mara nyingi besi haingoji "moja" ya kipimo kinachofuata. Inatangulia nusu hesabu, na wimbo mzima unaonekana kuegemea mbele. Ukipiga nota sahihi kwenye "moja" kavu ilhali rekodi inatangulia, bendi itahisi unaivuta nyuma.

Na umeme ukikatika katikati ya mazoezi, usiache. Egemeza kichwa cha gitaa, pale penye vifunga nyuzi, kwenye mlango wa kabati la mbao, piga polepole. Mbao inachukua mtetemo na besi inasikika vizuri kwa mtu mmoja. Nimejifunza nyimbo nyingi namna hiyo, kabati likiwa ndilo amplifaya yangu.

Kiki ya drams

Usaili wangu wa kwanza niliuharibu kwa nota nyingi. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima, nikataka zote zisikike. Katikati ya ubeti wa pili mpiga drams akasimamisha wimbo, akaniambia bila ukali, "Mdogo wangu, mguu wangu unasema kitu, wewe unasema kingine." Sikupata ile kazi, na alichosema kilikuwa kweli.

Kwa hiyo Alhamisi yako ni ya kiki, ile ngoma kubwa ya drams inayopigwa kwa mguu. Weka nota pembeni. Chukua ndoo tupu, au paja lako, piga tu pale kiki inapopiga kwenye rekodi. Ukishaishika, chukua gitaa upige do peke yake, nota moja, wimbo mzima, ukikaa juu ya kiki. Inachosha, lakini dakika tano za zoezi hilo zinasikika kwenye usaili kuliko saa moja ya kukimbiza vidole.

Midundo ya polepole ya dansi ina umbo moja ambalo ukilijua umejua mengi: nota ndefu ya hesabu mbili, kisha fupi mbili za hesabu moja moja. Liseme kwa mdomo: "Njoo… ha-pa. Njoo… ha-pa." "Njoo" inashika hesabu ya moja na mbili, "ha" ya tatu, "pa" ya nne. Tembea nayo kutoka kituo cha mwendokasi mpaka nyumbani, hatua zako zikiwa ndizo hesabu. Ukifika utakuwa umeizoea kuliko ungeisoma.

Nafasi nazo zipigwe. "Njoo" ikiwa ya hesabu mbili, iache ilie hesabu mbili kamili, kisha uikate kwa kiganja au kwa kulegeza kidole. Nota inayoburuzika mpaka ndani ya nyingine ndiyo inayofanya bendi nzima isikike kama imejaa maji.

Rekodi ikikosa besi ya kuiga

Mara nyingine wimbo mmoja kati ya zile tatu utakuwa ni mwimbaji na gitaa tu, au bongo fleva ambayo besi yake ni mvumo wa kompyuta unaoteleza na hauna cha kuiga. Hapo unatunga. Wengi wanaogopa, lakini kutunga ni kuongeza tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka linajitosheleza.

Tuseme umesikia kodi zinazunguka do, fa, so, fa, kipimo kimoja kimoja, kii ya G. Tabaka la kwanza ni mzizi wa kila kodi, yaani nota inayoipa kodi jina, kwenye "moja": G, C, D, C. Piga wimbo mzima hivyo. Kama bendi ingekuchukua ukiwa na hili tu, wangeweza kufanya nawe shoo.

Tabaka la pili, ongeza nota ya tano ya kila kodi, ukihesabu mzizi kuwa ya kwanza. Kwenye "Njoo… ha-pa", "Njoo" na "ha" ziwe mzizi, "pa" iwe ya tano. Kwa G, ya tano ni D, uzi wa A freti ya 5. Kwa C na D kuna njia rahisi: ya tano ya chini iko freti ile ile kwenye uzi unaofuata kwa unene. C iko uzi wa A freti ya 3, basi ya tano yake ya chini, G, iko uzi wa E freti ya 3. D iko freti ya 5, ya tano yake ya chini, A, iko uzi wa E freti ya 5. Kidole kinavuka tu. Na kodi iwe meja au maina, ya tano haibadiliki, kwa hiyo hata usipokuwa na uhakika na kodi, hii haitakuumbua.

Tabaka la tatu ni njia za kupitia. Kutoka G kwenda C kwenye mwisho wa kipimo, hesabu ya tatu piga A (uzi wa E freti ya 5), ya nne piga B (uzi wa A freti ya 2), utue C. Usiifanye kila mara. Mimi huiweka pale tu mwimbaji anapovuta pumzi.

Na pumzi ya mwimbaji wa Kiswahili unaweza kuijua mapema. Mashairi yetu mengi yana mshororo wa mizani (silabi) 16, minane ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na minane utao, nusu ya pili, na katikati pana kituo. Maneno ya nyimbo nyingi yamerithi mkato huo, hasa kwenye taarabu na dansi ya zamani. Andika ubeti kwenye karatasi, weka alama pale sentensi inapokatika. Hapo ndipo pa kupitishia A na B zako. Katikati ya neno la mwimbaji, kaa kwenye mzizi, mwache aseme.

Kwenye chemko mambo yanageuka. Hapo tunga kifungu kifupi kimoja cha vipimo viwili na ukirudie bila kukigusa. Mpiga solo anacheza juu yako, na wewe ukianza kubadilisha kila mzunguko anakosa pa kukanyaga. Nimeona wapiga besi wenye ujuzi mkubwa wakikosa nafasi kwa sababu ya chemko tu: walichoka kurudia kabla ya mpiga solo kumaliza aliyotaka kusema.

Hamisha kii kabla hujahamishwa

Ijumaa, piga nyimbo zote tatu bila kutumia uzi usiobonyezwa hata mmoja. Mkono ukishazoea umbo, kuhama ni kusogea: kutoka G kwenda F ni freti mbili nyuma, "shusha nusu" ni freti moja. Mwimbaji aliyeamka na mafua Jumamosi atasema "shusha nusu" dakika mbili kabla ya kuanza, na mtu aliyeukariri wimbo kwa nyuzi zisizobonyezwa atakwama hapo hapo.

Jumamosi

Beba waya wako wa jeki, na wa akiba. Kama gitaa lako linatumia betri, weka mpya. Foleni unaijua, ondoka mapema.

Ukiingia, salimia chumba kizima kabla ya kufungua begi. Bendi za dansi zina watu walioanza kupiga kabla hujazaliwa, na shikamoo iliyozungushwa vizuri mpaka kwa fundi mitambo inawafanya wakusikilize kwa moyo mweupe. Muulize mpiga kinanda akupe A, tyuni kwa hiyo. Simama pale unapouona mguu wa mpiga drams. Sauti ya amplifaya ianzie chini, usubiri wao waseme ongeza.

Ukipotea, na siku moja utapotea, usisimame wala usitafute nota kwa sauti. Punguza, kaa kwenye do, ipige na kiki kwenye "moja" tu, huku ukisikiliza. Kiitikio kikirudi utakijua.

Ukimaliza nyimbo tatu, kuna uwezekano mkubwa kiongozi aseme, "Sasa hebu tupige ile nyingine," wimbo usioujua kabisa. Hilo ndilo jaribio walilokuitia. Uliza, "Kiongozi, kii gani?" Ubeti wa kwanza usipige kitu, vumisha mizizi kimoyomoyo ukitazama mkono wa kushoto wa mpiga ridhimu. Yeye akishika G, unaona. Kiitikio cha kwanza, ingia na mizizi peke yake. Ubeti wa pili, weka "Njoo… ha-pa". Chemko ikianza, mtazame mpiga drams, tafuta kifungu kimoja, ukirudie mpaka kiongozi anyanyue mkono.

Kabla hujaondoka, omba ruhusa uurekodi wimbo huo kwa simu wakiupiga mara moja zaidi, kwa kii yao na mwendo wao. Wakikupigia Jumatano, utakuwa umeshauimba siku nne.